Mnyonya damu asiyeandika shajara

Dracula ilisikika kabla ya kusomwa. Kitabu cha Bram Stoker kilitoka London tarehe 26 Mei 1897, lakini siku nane kabla yake, asubuhi ya tarehe 18, waigizaji walipanda jukwaani katika ukumbi wa Lyceum, ambao Stoker mwenyewe alikuwa meneja wake, wakaisoma hadithi hiyo kwa sauti kwa saa kadhaa mbele ya viti vilivyokuwa karibu vitupu. Haikuwa sherehe. Ilikuwa mbinu ya kisheria ya kulinda haki ya kuiigiza, asije mwingine akamwahi. Lakini mimi ninayekula kwa kukata na kuunganisha sauti jambo hilo nimelishika kama hirizi. Huyu mnyonya damu ambaye dunia inamjua kwa joho jeusi na meno ya filamu aliingia kwanza kwa njia ya masikio.

Nahariri michezo ya redio, Tanga. Kazi inayoniweka mjini ni ile ya kuelimisha jamii: malaria, mirathi ya wajane, mikopo ya vikoba, choo bora. Siidharau. Nimekua nikimsikia Pwagu na Pwaguzi wake, na Twende na Wakati ilipoanza Radio Tanzania mwaka 1993, kwetu saa yake ikifika hata mtoto mchanga alibembelezwa nje. Ila kazi hii ina ugonjwa wake. Mfadhili anataka ujumbe ufike, basi mwandishi anauandika, mwigizaji anausema, kisha mhusika wa pili anaurudia, isije ikawa msikilizaji wa Handeni hakuupata. “Ala! Kumbe mbu ndiye analeta malaria?” “Ndiyo, Mama Subira, tena mbu jike, aina ya anofelesi.” Ukihariri mazungumzo ya namna hiyo mwaka hadi mwaka, sikio linakufa ganzi. Unafika mahali unaamini kwamba msikilizaji hana akili ya kujaza chochote mwenyewe.

Kilichonizindua ni vampaya.

Binamu yangu anayeishi Leicester alinitumia faili la sauti kwa WhatsApp, na chini yake ameandika tu: “Sikiliza usiku, dada.” Ilikuwa Dracula iliyorushwa tarehe 11 Julai 1938, mchezo wa kwanza kabisa wa kikundi cha Mercury Theatre katika redio ya CBS, Marekani. Orson Welles, kiongozi wa kikundi na mwigizaji wake mkuu, alikuwa na miaka 23. Saa moja, moja kwa moja hewani, hakuna kukata wala kurudia, na okestra ya Bernard Herrmann imekaa humohumo studioni. Miezi mitatu baadaye kikundi hichohicho kilirusha ule mchezo wa uvamizi kutoka Mirihi, na ndio unaotajwa kila mahali hadi leo. Mimi naona Dracula ni kazi bora kuliko ule. Wa Mirihi ni ujanja wa taarifa ya habari, na ukishaujua ujanja umeumaliza. Dracula nimeirudia mara nyingi na bado kuna pahala napunguza sauti, ingawa najua kinachokuja.

Mfululizo wa Mercury ulipoanza haukuwa na jina la kikundi tu. Ulitangazwa kuwa hadithi za nafsi ya kwanza, kila hadithi na “mimi” wake. Welles hakutaka redio iige jukwaa, pazia na watu wanaosemezana mbele ya hadhira. Alitaka mtu mmoja akusimulie wewe uliyekaa nyumbani kwako. Na hapo ndipo Stoker alipomfaa, kwa sababu kitabu chenyewe hakina msimulizi wa nje hata mmoja. Ni rundo la karatasi: shajara ya Jonathan Harker, mwanasheria kijana anayekwenda kwenye ngome ya Dracula, iliyoandikwa kwa hatimkato, barua za mchumba wake Mina na za Lucy, rafiki wa Mina, kipande cha gazeti, simu za maandishi, kumbukumbu za nahodha. Anayetunga mchezo wa redio kutoka riwaya kwa kawaida huanza kwa kuivunja ili apate sauti za watu. Hii inamfikia ikiwa imekwisha kuvunjwa.

Katika rundo lote hilo mtu mmoja hana shajara. Ukiacha barua mbili fupi kwa Jonathan, ya kwanza ikimkaribisha kwenye milima ya Carpathia, Dracula haandiki neno. Kila tunachokijua juu yake tumeambiwa na watu wanaomwogopa. Na hata katika sehemu kubwa ya kitabu hayupo kabisa. Yuko nje ya dirisha, yuko kwenye ukungu, yuko kwenye kidonda shingoni. Watu wa michezo ya sauti wanaoelewa hili wanafaulu. Wasioelewa wanampa hotuba.

Katika toleo la 1938 kuna jambo ambalo sikulinasa hadi nilipolisikiliza kwa hedifoni. Daktari Seward, anayetuongoza tangu mwanzo hadi mwisho, yule mtu wa sayansi anayetuwekea ushahidi mezani kipande kwa kipande, anaigizwa na Welles. Dracula naye anaigizwa na Welles. Anayetuhakikishia usalama na anayetuwinda wanatoka koo moja. Sijui ni wasikilizaji wa kawaida wangapi waligundua, wala si lazima wagundue. Sikio linajua kitu ambacho akili haijakiita kwa jina. Mwishoni kabisa, hadithi ikiwa imeshakwisha na Mina, aliyeigizwa na Agnes Moorehead, ameshamchoma Dracula kigingi moyoni kwa mkono wake mwenyewe, Welles anarudi kama Welles, anatuaga kwa upole, anatuambia tulale, hakuna kitu, kelele ile ni mlio wa studioni tu. Halafu anabadilika. Vitu hivyo vipo, anasema. Utani, bila shaka. Lakini ni utani wa mtu anayejua kwamba taa zimeshazimwa.

Kuhusu kile kigingi kuna kisa kinachosimuliwa sana na watu wa fani. Fundi wa milio alikuja na kabichi, akaichoma, Welles akakataa, majani matupu. Likaletwa tikiti maji, Welles akatoka chumba cha mitambo, akashika nyundo mwenyewe akalipiga, na watu waliokuwamo wakasisimkwa. Sisi tumejaribu kwa vitu vya sokoni Mgandini. Papai bivu halina mfupa. Boga lina mfupa lakini halina nyama. Fenesi usijaribu, utomvu wake hautoki kwenye maiki. Tikiti kweli ndilo lenyewe: lina ngozi inayokataa kwanza, kisha inakubali ghafla, halafu maji. Watoto wa jirani walikuwa wakingoja nje ya studio kila tulipofanya majaribio hayo, na walikula vizuri wiki ile.

Sehemu ya kitabu ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, ni ile ambayo matoleo mengi huipitia haraka. Daktari Seward haandiki shajara kwa kalamu. Anaisema kwenye fonografu, ile mashine ya Edison, katika mitungi ya nta. Mina anapotaka kujua Lucy alikufaje, daktari anagutuka: amerekodi miezi mingi, na hajui namna ya kutafuta mahali fulani ndani ya kumbukumbu yake mwenyewe! Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Mhariri yeyote wa sauti aliyewahi kuletewa mahojiano ya saa tatu, faili moja, halina jina wala alama, anamjua huyo daktari.

Kinachofuata ndicho kizito. Mina anaisikiliza mitungi yote, kisha anarudi na karatasi alizozipiga kwa taipureta, na anamwambia daktari kwamba mashine yake ni ya ajabu lakini ina ukweli wa kikatili. Imemsikilizisha uchungu wa moyo wake kama ulivyo, katika toni yenyewe, na hapaswi mtu mwingine kuusikia tena. Ndiyo maana ameyaandika maneno: ili wengine wayapate maneno bila ya mapigo ya moyo. Stoker, mwaka 1897, fonografu ikiwa na umri wa miaka 20 tu, alishajua tofauti ya karatasi na sauti kuliko wafadhili wangu wengi. Karatasi inampa mtu heshima yake. Sauti inamvua.

Nililitumia hilo siku chache baadaye kwenye kazi isiyohusiana kabisa, kipindi cha wajane na mashamba. Mama mmoja alikuwa amerekodi ushuhuda wake, na katikati sauti ilimkatika, akameza mate, akaendelea. Muswada ulitaka baada ya hapo msimulizi aseme: “Mama huyu alikuwa na uchungu mwingi.” Nikaitoa sentensi ya msimulizi. Mtayarishaji akauliza iko wapi. Nikamwambia mama ameshaisema. Alisikiliza tena, akanyamaza, akapita.

Baada ya hapo kikundi chetu cha uigizaji kikaingiwa na hamu ya kumfanya Dracula kwa Kiswahili. Stoker alifariki mwaka 1912, kazi yake haina mwenyewe wa kudai chochote tena, na tafsiri tunaifanya wenyewe. Tukaanza na merikebu.

Yeyote anayetaka kupima toleo la sauti la Dracula aende moja kwa moja kwenye safari ya Demeter. Merikebu hiyo inaondoka Varna, bandari ya Bahari Nyeusi, tarehe 6 Julai, ikiwa na nahodha, wasaidizi wawili, mpishi na mabaharia watano, watu tisa, na shehena yake ni mchanga na masanduku ya udongo. Inafika Whitby, pwani ya kaskazini mashariki ya Uingereza, mapema Agosti, katikati ya dhoruba, na mtu pekee aliyemo ni nahodha, amekufa, amejifunga mikono kwenye usukani pamoja na msalaba. Chupa mfukoni mwake ina karatasi zinazoeleza yaliyotokea. Stoker hakuibuni yote. Alipokwenda Whitby kupumzika alikuta habari za merikebu ya Kirusi iliyoitwa Dmitry, iliyokuwa imetoka Narva na kupanda mchangani hapo mwaka 1885. Katika kitabu mabaharia wanapotea mmoja mmoja, na ukiacha msaidizi mmoja anayejirusha baharini mbele ya nahodha, hatuonyeshwi namna wanavyopotea. Mtu anakwenda zamu, asubuhi hayupo.

Tulitengeneza dhoruba nzuri sana. Mawimbi ya Raskazone tuliyarekodi alfajiri, upepo ulikuwa wa kweli, milango ya jengo la zamani la karibu ilitupa miguno ya mbao. Kisha tukamwita mzee mmoja aliyefanya ubaharia ujana wake wote, majahazi ya Lamu na Pemba kwanza, baadaye meli za mizigo, atusikilizie.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, wanangu. Haya, nipeni hiyo merikebu.”

Akasikiliza macho ameyafumba, fimbo katikati ya magoti. Ilipokwisha akauliza dhoruba imeanza lini. Tukamwambia ipo tangu mwanzo.

“Basi hao mabaharia wenu wameshaizoea,” akasema. “Mtu wa baharini kelele haimtishi. Kelele ndiyo nyumba yake. Kinachomtisha ni akikosa kitu alichokuwa akikisikia.”

Tukamwomba aeleze. Akasema usiku, kwenye zamu, humwoni mwenzako. Unamjua kwa kikohozi chake. Mwingine unamjua kwa ndara zake, mwingine ana kaswida yake anayoivuta puani usiku kucha, hata ukimkataza. Unasinzia kidogo, kikohozi kipo. Unasinzia tena, kipo. Halafu unashtuka hujui umeshtushwa na nini, na ni kwamba kikohozi hakipo.

Hatukuongeza kitu baada ya mzee kuondoka, tulipunguza. Dhoruba yote tuliisogeza hadi mwisho kabisa. Kila baharia tukampa sauti yake ndogo, isiyotajwa na mtu yeyote kwenye mazungumzo: huyu anakohoa, huyu anapiga miluzi, mpishi anagonga upawa kwenye sufuria mara mbili kila akimaliza kupakua, mmoja anacheka kabla ya kusema. Nahodha anasoma kumbukumbu zake, tarehe kwa tarehe, nyuma yake merikebu inaishi. Kisha tukaanza kuzitoa, moja moja, dakika nzima au zaidi kabla nahodha hajaandika kwamba mtu amepotea. Katika mwezi wa hadithi, merikebu inapungua hadi inabaki kamba inayosuguana na mbao, pumzi za nahodha, na upawa. Halafu upawa unaacha. Tuliwachezea wasikilizaji wachache wasiokijua kitabu, na dada mmoja akasema katikati, hajui kwa nini, “Yule wa miluzi yuko wapi?” Nahodha alikuwa bado hajasema.

Mbwa alitusumbua. Katika kitabu, merikebu ikigonga pwani mbwa mkubwa anaruka kutoka omo na kupotea gizani, na ndiye Dracula mwenyewe. Redioni mbwa akibweka tu, kila mtu anafikiria mbwa wa jirani. Tukamfanya asisikike kabisa. Anaripotiwa na mwandishi wa gazeti, kwa mshangao wa kawaida, sentensi mbili, akaenda zake kwenye habari ya shehena.

Muda nao ni chombo cha fundi, na hilo nilifundishwa na podikasti. Mwaka 2021 Mmarekani Matt Kirkland alianza kukituma kitabu hiki kwa barua pepe, kila kipande siku ya tarehe yake, kuanzia tarehe 3 Mei. Mwaka 2023 ikaja podikasti ya Re: Dracula ikafanya hivyohivyo kwa waigizaji na milio. Siku nyingine unapata nusu saa, nyingine dakika mbili, nyingine hakuna kitu. Kumbukumbu ya mwisho ya Jonathan akiwa mfungwa wa ngome ni ya tarehe 30 Juni. Anasema atajaribu kuteremka ukuta. Kitabuni unageuza ukurasa, unakutana na Lucy na wachumba wake, unasonga. Katika podikasti ulikuwa umeshamsikia Lucy tangu Mei, na Julai ikaingia bila Jonathan. Nilikuwa nikipanda daladala za Chumbageni asubuhi nikijikuta namfikiria mtu ambaye hayupo popote. Ikafika siku Mina anaandika kwamba hana habari za mchumba wake, nami niliyejua zaidi yake sikuwa na pa kumwambia. Na kwa kuwa wameyapanga yote kwa tarehe, zamu za Demeter zinapita katikati ya siku za Mina za kupunga upepo Whitby, zikija kwake, wiki kwa wiki. Kitabu kilichopangwa kwa sura hakiwezi kukupa hilo. Kule kumbukumbu za nahodha zimekaa pamoja kwenye kipande kimoja cha gazeti, na unazisoma ukiwa umeshaambiwa kwamba amekufa.

Nikalichukua hilo nikalipeleka kwenye mchezo wa bodaboda tuliokuwa tukiutengeneza wakati ule. Kijana wa hadithi anaondoka kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Muswada ulimrudisha kipindi kinachofuata na fundisho lake mkononi. Nikaomba asionekane kwa muda, tusimtaje, mama yake aendelee kuuza vitumbua. Mfadhili alisita. Mwishowe akakubali kwa masharti, na simu za wasikilizaji zikaanza kuingia, hawaulizi kuhusu kofia ngumu wala leseni: wanauliza yule mtoto amefika salama? Kipindi cha kofia ngumu kilipofika walikuwapo wote.

Simsifu kila anayemgusa Dracula kwa sauti. Lipo toleo la BBC Radio 4 la mwaka 1991 lililoandikwa na Nick McCarty, limekwenda kwa sehemu kadhaa na lina nafasi ya kupumua, nalipenda kwa sababu watu wake wanaongea kama watu. Mengine niliyoyasikiliza, hasa haya ya siku hizi yenye bajeti, yanaogopa kimya. Muziki juu ya muziki, mbwa mwitu juu ya radi, na kila mtu anahema. Saa moja ya mwaka 1938 ina watu wachache, maiki chache na urushaji wa moja kwa moja usioweza kurekebishwa, na inayashinda.

Carmilla ni habari nyingine. Sheridan Le Fanu aliitoa mwaka 1872 katika mkusanyiko wake, miaka 25 kabla ya Dracula, na CBS waliirusha redioni mwaka 1940, wakairudia mwaka 1975 katika mfululizo wao wa usiku. Humo hakuna safari ya merikebu. Ni Laura, binti mpweke wa nyumba kubwa huko Styria, na mgeni wa rika lake anayeletwa kwa bahati mbaya ya gari la farasi. Wasichana wawili, chumba kimoja, minong’ono. Kwa mhariri ni mtihani: sauti mbili za wanawake vijana, karibu karibu, msikilizaji asichanganyikiwe nani ni nani. Wengi hukimbilia kumpa mmoja sauti nzito. Mimi naona hadithi yenyewe inataka zichanganyike. Laura anasimulia baada ya miaka, na kadiri anavyosimulia ndivyo tunavyopaswa kusikia mwendo wa maneno wa Carmilla ukimwingia kinywani. Tatizo lisilo na dawa ni majina: Carmilla, Millarca, Mircalla, herufi zilezile zimepangwa upya. Kwenye karatasi jicho linaona kitendawili. Redioni msikilizaji anadhani mwigizaji ameteleza.

Watu huniuliza kwa nini nihangaike na vampaya wa Ulaya wakati sisi tuna mumiani. Swali la haki. Bibi yangu hakupita karibu na kituo cha zimamoto maisha yake yote, na hakuwa peke yake. Hofu ya mumiani huku pwani, na ya wazimamoto Nairobi na Kampala, ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwanahistoria Luise White aliiandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2000. Lakini mumiani wa bibi hakuwa na ngome wala ukoo. Alikuwa mtu wa kazi. Ana sare, ana gari, ana bosi, damu anaichukua kwa chombo na kuipeleka mahali. Hakuna shajara zake wala za aliyemkamata. Kuna “nasikia” tu, kutoka kibaraza hadi kibaraza. Huo ni mchezo tofauti kabisa wa redio na natamani kuuandika. Hautakuwa na “mimi” hata mmoja. Ila kwa kujifunza kazi, nilihitaji huyu wa Stoker, ambaye ushahidi wake umepangwa na tarehe.

Sasa tumefika ngomeni, na ugomvi mkubwa kikundini ni sauti ya Dracula mwenyewe. Tangu filamu ya mwaka 1931 ya Bela Lugosi, aliyekuwa Mhungaria kweli, kila mtu anampa lafudhi ya kuburuza. Kitabuni si hivyo. Kiingereza chake ni kizuri sana, amejifunza vitabuni, ila kina mlio wa ajabu, na jambo analolitaka kwa Jonathan ni kurekebishwa matamshi, ili akitembea London asiwepo mtu wa kusimama na kusema, huyo si wa hapa. Vijana wetu wanataka kicheko kirefu na mwangwi. Mimi na mwongozaji tumeshikilia kwamba aseme Kiswahili sanifu mno, cha taarifa ya habari, viambishi vyote mahali pake, kisicho na kijiji. Jonathan ni wa Tanga kabisa. Anasema kama tunavyosema. Huyu mwenyeji wake anamkaribisha kwa adabu zote, anamwuliza kama neno fulani amelitamka sawa, na analirudia hadi lipate.

Tumempata mwalimu mstaafu aliyefundisha sarufi maisha yake yote. Hajawahi kuigiza. Tulipomrekodi mara ya kwanza alisimama akatuuliza kwa heshima iwapo muswada umekosewa upatanisho kwenye mstari wa tatu, na ulikuwa umekosewa kweli, na vijana waliokuwa wakidai kicheko walitazamana, wakaacha kudai. Sehemu ya kwanza tutaitoa tarehe 3 Mei, na zinazofuata kila moja kwa siku yake. Lucy bado hatujampata. Wanaojitokeza wote wanataka kupiga mayowe.